Nilivyousafisha Mchu wa Dada Yangu

Mimi ni mkulima wa korosho wa Rutamba, na sisemi hivyo kwa kuomba radhi. Mikorosho yangu nimeipanda kwa mkono wangu, na ukipita chini yake mwezi wa nane hutaona gugu wala kijiti. Watu wa kwetu wanajua kwamba ukidondosha sindano kwenye shamba la Nassibu utaiona. Korosho ikianguka inaanguka mahali peupe, inaokotwa siku hiyo hiyo, haiozi. Mtu anayeacha majani chini ya mikorosho yake mimi simpi binti yangu, na yupo mmoja niliyewahi kumnyima kweli.

Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeshuka Kikokoni kumchukua dada yake.

Dada yangu anaitwa Umi. Tumezaliwa tumbo moja, mimi mkubwa, yeye wa mwisho. Aliolewa pwani zaidi ya miaka thelathini iliyopita, katika kijiji hicho cha Kikokoni, pembeni mwa hori moja la maji ya chumvi, upande wa kusini wa Lindi. Mumewe alifariki mwaka juzi. Tangu hapo nilikuwa nampigia simu kila Ijumaa baada ya sala kumwambia arudi nyumbani, na kila Ijumaa alinijibu kwamba hajambo, anakula. Anakula nini? Hana shamba. Hana hata mkorosho mmoja wa kusingiziwa.

"Nina sehemu yangu kwenye mikoko, kaka," alikuwa akisema.

Hiyo mikoko niliiona nilipokwenda mazishini. Tope jeusi, harufu ya yai viza, na miti iliyojikunja ambayo hupati humo hata ubao wa mlango. Nikajua dada yangu anaficha njaa kwa kuona aibu.

Kwa hiyo mwaka huu, nilipomaliza kuipulizia mikorosho salfa, nilimwachia shamba mwanangu Yassin nikashuka pwani. Nilimkuta Umi anajiandaa kwenda hospitali Lindi mjini kutolewa mtoto wa jicho. Angekuwa huko siku tatu, akilala kwa wifi yake aliyeko Mitwero, na mimi nibaki nikilinda nyumba na kuku. Kabla hajaondoka tuliwekeana neno.

"Nikirudi utanitazama mwenyewe ninavyoishi," alisema. "Ukiona nimeshindwa, nitafunga mzigo niende nawe Rutamba. Ukiona naweza, usinitajie tena habari ya kuhama mpaka nife."

Nikampa mkono. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kufikiria chumba gani nimpe.

Siku iliyofuata nilikwenda kuitazama hiyo sehemu yake. Wanawake wa Kikokoni wana kikundi. Wamegawana ukingo wa mikoko, kila mmoja ana kipande cha kulinda na kuvuna, na kipande cha Umi kimefungwa kitambaa chekundu. Hapakuwa na mtu. Bahari ilikuwa mbali, na ilipokuja ilikuja kwa uvivu, haikufika hata miguuni mwa miti. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba siku hizo ni za maji mafu, ambapo maji hayajai vizuri wala hayatoki vizuri. Wanawake huenda kwenye mashamba yao ya mpunga, na mgeni aliyeiona mikoko siku hizo hajaiona.

Mimi niliona miti mitatu mikubwa ya mchu, aina ya mkoko, mizinga ya nyuki imening'inizwa kwenye matawi, na chini yake uchafu ambao sijauona tangu nizaliwe. Vijiti. Maelfu ya vijiti vimesimama wima kwenye tope, unene wa penseli, urefu wa shubiri, vimeuzunguka mti pande zote mpaka mbali. Nikasema hili ni gugu gani tena. Nikamwonea huruma dada yangu mpaka machozi yakanilenga. Mjane, jicho bovu, nani wa kumpalilia? Watu wa pwani, nikasema, wavivu mpaka basi.

Nikarudi nyumbani nikachukua panga na jembe.

Nilifanya kazi siku mbili. Sikufanya kwa kulipua, sijui kufanya hivyo. Nilishughulika na mchu mmoja, mkubwa kuliko yote, nikafyeka vijiti usawa wa tope, mstari kwa mstari, nikavikusanya lundo moja pembeni. Nikafagia kwa tawi. Siku ya pili jioni nilisimama nikautazama mti ule umekaa mahali peupe, mahali pa mtu mstaarabu, nikaona raha. Niliwaza jinsi Umi atakavyofurahi, na jinsi shukrani zitakavyomlainisha nikimwambia aache vyote twende zetu.

Alirudi siku ya tatu mchana, amevaa miwani myeusi. Jicho lilikuwa limefunguliwa lakini ameambiwa asitazame jua wala asiiname. Sikumpa hata nafasi ya kunywa maji.

"Nina zawadi yako," nikamwambia. "Twende."

Kwenye ukingo alivua ndala zake, akaingia topeni peku, akitangulia. Kwa miwani ile na jicho la pili bado lina ukungu, nilidhani nitamshika mkono. Wapi! Alikuwa akitembea kwa nyayo, upesi, anajua wapi pa kukanyaga. Tulipofika chini ya mchu wake akasimama ghafla.

"Tumepotea, kaka. Hapa si kwangu."

"Ni kwako. Kitambaa chako hiki hapa."

"Kwangu hapakanyagiki hivi." Akasogeza mguu mmoja, halafu mwingine, taratibu, akipapasa tope kwa vidole. Kisha akachuchumaa, yeye aliyekatazwa kuinama, akapitisha kiganja juu ya vile visiki. Alivipapasa kwa muda mrefu.

"Umefanya nini?"

"Nimekusafishia."

"Umenisafishia," akasema, akarudia kuvipapasa mpaka nikaanza kukasirika.

Nilimwambia kama hataki kushukuru basi. Nilimwambia nimevunjika mgongo siku mbili kwa ajili yake. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba vile si magugu. Ni mizizi. Mchu umekaa kwenye tope lisilopitisha hewa, kwa hiyo unatoa mizizi ije juu kuvuta pumzi. Nilikuwa nimeukata pua zake zote.

Nikacheka. "Mti unapumua kwa majani, Umi. Tulifundishwa darasa la tano."

"Chukua kimoja," akasema.

Nilichukua kijiti kimoja kwenye lundo langu, hasira zimenijaa, tukarudi nyumbani. Akajaza ndoo maji. Akaniambia niweke ncha moja majini, nyingine mdomoni, nipulize. Nikapuliza ili nimwonyeshe ujinga wake. Povu likatoka. Si kwenye ncha tu, hata ubavuni mwa kijiti, povu dogo dogo jeupe, kila mahali. Niliacha nikakitazama kile kijiti, nikapuliza tena, povu likatoka tena. Nina miaka sitini na mbili, nimeishi na miti maisha yangu yote, na nilikuwa nimeshika mkononi pumzi ya mti.

"Utakufa?" nikamwuliza.

"Sijui. Ukikatwa vichache unatoa vingine. Vyote, sijui."

Halafu akanieleza lililo baya zaidi. Kikundi kina sheria mbili. Mwanachama akikata, anatoka kwenye kikundi moja kwa moja na kipande chake anapewa mwingine. Mtu wa nje akikata, anapelekwa kwa maofisa wa misitu, na sehemu aliyoiharibu inafungwa mpaka ipone. Keshokutwa bamvua inaanza, maji makubwa, wanawake wote watashuka. Wataona.

Usiku ule yeye ndiye aliyenipakulia chakula.

Siku ya bamvua maji yalitoka asubuhi, yakaenda mbali sana, na kina mama wapatao ishirini wakashuka na ndoo, vikapu na fito za chuma za kutolea kaa mashimoni. Mwenyekiti wao ni Mama Magdalena, Mmakonde, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mwembamba, sketi ameikunja juu ya magoti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yamekwisha kupita bega langu. Aliuendea mchu. Alizunguka mti mzima, na wenzake mmoja mmoja wakaacha walichokuwa wakifanya wakaja.

"Nani kafanya hivi?"

"Ni mimi," Umi akasema. "Nilimtuma kaka yangu. Nilimwambia afyeke."

Nilimgeukia. Hakuwa akinitazama. Alikuwa amesimama wima na miwani yake myeusi, anautoa mkate wake mdomoni ili mimi nisipelekwe kwa maofisa.

Mimi sikumbuki siku niliyowahi kusema nimekosea. Mke wangu anaweza kukuapia. Hata nilipomrudishia jirani mbuzi wake aliyeingia shambani kwangu nikiwa nimemvunja mguu, nilisema mbuzi alijikwaa.

"Anasema uongo," nikasema. Wote wakanigeukia. "Alikuwa hospitali. Hajui lolote. Nilifyeka mimi, kwa akili yangu, nikidhani ni magugu. Nimekosea."

Mama Magdalena akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe unalima nini?"

"Korosho."

"Ahaa," akasema, na wawili watatu nyuma yake wakacheka. Yeye hakucheka. "Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Kitomanga, mkulima wa korosho kama wewe. Alipofika hapa alitaka kufagia. Bahati yake nilimwahi." Akatema mate pembeni. "Wewe sikupeleki popote. Kukupeleka hakuoteshi kitu. Ila sehemu imefungwa. Umi hatoi kaa hapa, haokoti tondo, hatandi shuka ya uduvi mbele yake, na mizinga tutaitunza sisi."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka mti utoe pumzi nyingine. Usipokufa, mwaka. Pengine miwili."

Umi aliitikia kwa kichwa. Alichukua ndoo yake tupu, akapanda ukingoni, akashika njia ya nyumbani. Nilitaka kumfuata, nikajizuia. Nikakaa ukingoni palepale, kwenye nyasi, nimeyapa mgongo mashamba ya mpunga.

Basi nikaiona mikoko.

Kwanza niliwaona wanawake wakifanya kazi. Mmoja aliingiza fito kwenye shimo, akasikiliza kwa mkono wake, akaizungusha kidogo, akatoa kaa mkubwa kuliko sahani. Alimfunga magando kwa ukindu akaendelea na shimo la pili. Wasichana waliokota tondo, wale konokono wa matopeni, ndoo baada ya ndoo. Kaa jike mwenye mayai walimrudisha. Pale juu barabarani pikipiki mbili zilikuwa zimeshafika na masanduku ya barafu, wachuuzi wamekaa wanasubiri, na hakuna aliyewaita.

Kisha saa sita ikapita, na nikaanza kusikia. Mlio mdogo, wa kutatarika, ulitoka chini ya miti yote kwa pamoja. Nikadhani ni mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe. Kaa wadogo wekundu, ambao sikuwa nimewaona kabisa, walitoka mashimoni kwa maelfu wakapanda miti. Halafu maji yakaja. Hayakuja kwa wimbi. Yalikuja kwa vijia, uzi mmoja hapa, uzi mwingine pale, yakijua njia, yakajaza mfereji huu, yakageuka, yakajaza ule, bila kelele na bila kusimama. Mbele ya maji walikuwa wanakuja samaki. Mkizi wadogo, makundi kwa makundi, wanagombea kuingia ndani ya mizizi kabla hata maji hayajawafunika migongo. Baada yao maji yenyewe yakawa mazito, ya rangi ya majivu, nikaona yanachezacheza. Ulikuwa uduvi, wale kamba wadogo kama punje. Wanawake waliingia wawili wawili wameshika shuka, wakatembea nayo ndani ya maji, wakaiinua, ikawa imelemewa.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, jinsi mtu anavyoogopa akiwa peke yake msikitini. Maji yalipanda mpaka viunoni mwa miti. Mahali niliposimama na panga siku nne nyuma sasa palikuwa na kina cha kuzamisha mtu, na humo samaki wa bahari nzima walikuwa wameleta watoto wao. Jua lilipoanza kushuka maji yalifika ukingoni, karibu na miguu yangu, yakasimama. Yakasimama hapo, yametulia, na nyuma yangu, hatua chache tu, mpunga ulikuwa wa kijani, na kisima walikokuwa wakichota watoto kilikuwa cha maji matamu. Umi aliwahi kuniambia kwamba ng'ambo ya hori, walikokata mikoko yote kwa kuni za kuchomea chokaa, visima vina chumvi na minazi imelala kifudifudi tangu kimbunga kilipopita. Nilikuwa nimelisikia hilo kwenye simu huku nafikiria bei ya salfa.

Nikajaribu kulipima shamba langu na lile. Ni tabia ya mkulima, huwezi kuiacha. Mimi napalilia, napogoa, napuliza dawa, nafagia, nalinda wezi, halafu navuna mara moja kwa mwaka, halafu nangoja mnada. Hapa hakuna aliyepanda. Hakuna aliyepalilia. Kila mwezi mara mbili bamvua inakuja na mavuno yake, siku nne tano mfululizo, mwaka mzima, masika na kiangazi, na kati ya hapo kuna asali. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mali hii miaka thelathini, na mimi nilikuwa nikimpigia simu kila Ijumaa kumwonea huruma. Nilijisikia mdogo, na ajabu ni kwamba sikuumia kujisikia mdogo. Kilichoniuma ni ule mchu. Ulikuwa umesimama katikati ya maji na wenzake, majani yake bado mabichi, hauonyeshi kitu.

Nilirudi nyumbani saa kumi na moja na nusu. Mlango ulikuwa wazi. Kuku walikuwa wamefungwa miguu, wawili wawili. Katikati ya chumba palikuwa na mzigo mkubwa wa shuka, umefungwa fundo, mdomo wa sufuria umechomoza. Umi amekaa juu ya kigoda kando yake, amevaa baibui, na miwani ameivua.

"Umeshinda, kaka," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetimiza ahadi. "Tuliwekeana neno. Sina tena cha kuishi hapa. Nipeleke Rutamba."

Hicho ndicho nilichokijia. Kila Ijumaa kwa miaka miwili nilikuwa nikikiomba.

Nilipiga magoti chini, nikaanza kulifungua lile fundo. Lilikuwa limekazwa, na vidole vyangu vimejaa malengelenge ya panga.

"Unatafuta nini humo?" akauliza.

"Natoa sufuria. Tutapikia nini?"

"Kaka."

"Korosho za mwaka huu ataziokota Yassin. Zikishauzwa, fedha zote zinakuja hapa. Nimeshampigia."

Akahesabu kwa vidole, si fedha bali miezi. "Zitanifikisha mwezi wa tatu," akasema. "Baada ya hapo nile nini?"

Nilikuwa na jibu moja, si la kiungwana, nililolifikiria njiani, nikipita kwenye majaruba ya chumvi, ambako vijana na wazee walikuwa wakipakia magunia kwa ujira wa siku.

"Nimeongea na msimamizi wa chumvi. Naanza kesho. Tutakaa hapa wote mpaka ule mti useme."

"Wewe?" Umi akasema. "Ukabebe chumvi ya watu? Wewe Nassibu?"

"Mimi."

Alinitazama kwa jicho lile jipya. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona vizuri baada ya miaka mingi, nami nikaona haya nikainamisha uso kwenye fundo. Likanishinda tena. Akashuka kwenye kigoda, akakaa chini mbele yangu, akaingiza kucha zake upande wa pili, tukalifungua.